Sarfati wa Hariri na Sarfati wa Magodoro

Kwanza niliona kidole gumba.

Cha mguu. Kimechomoza kwenye soksi kama kobe anayechungulia mvua.

Majina ya humu nimeyabadilisha. Kidole sijakibadilisha.

Mwenye kidole alikuwa Bwana Moris Sarfati kutoka Marseille. Alijitambulisha kuwa kitukuu wa Mzee Davide Sarfati, aliyeuza hariri kuanzia hapa kwetu Saloniki, Ugiriki, hadi Vienna; eti babu yake alihamia Ufaransa kabla ya vita. Suti kali, marashi ya kukohoza watu, halafu soksi imetoboka!

Ilikuwa Sabato asubuhi, sinagogini. Makuhani wakitaka kupanda jukwaani kutubariki huvua viatu kwanza, ndipo kidole kikaumbuka. Mimi nilikuwa juu roshani na wanawake, nyuma ya nguzo, mahali pangu pa siku zote. Si mtu wa kukaa mbele mimi.

Sasa niwaeleze kwa nini soksi ya mtu ilininyima raha.

Sarfati wa mji huu tulikuwa wa aina mbili: wale wa hariri, na sisi wa magodoro. Ukitaja jina dukani unaulizwa, "Sarfati yupi?" Ukijibu "wa magodoro", unarudishwa kwenye foleni.

Wa hariri walipakiwa na Wanazi kwenye treni ya kwenda kambi za mauaji, mwaka 1943. Wote waliokuwa mjini, Mzee Davide mwenyewe hadi mtoto wa wiki tatu. Hakuna aliyerudi.

Bibi yangu Klara alifichwa na wakulima milimani. Vita vilipokwisha akarudi peke yake, na kamati ya sinagogi ikampa chumba nyuma ya duka la Mzee Davide, alilinde mpaka mrithi atokee. Akalinda zaidi ya miaka sabini. Mimi nimelelewa humo.

Na sasa mrithi katokea, na kidole chake.

Mwenyekiti wa kamati, Mzee Salvator, hakutaka kuonekana mjinga.

"Jina tu halitoshi," alisema. "Hata Klara analo. Lakini Sarfati wa hariri walikuwa makuhani, na ukuhani baba humwachia mwana. Basi apande abariki. Kama ni kuhani, tutaona."

Tutaona! Hapo ndipo utakapotujua sisi. Makuhani wakibariki, haruhusiwi mtu kutazama. Tangu utotoni tumeambiwa ukitazama unapofuka. Wanaume hujifunika shali, wanawake tunaziba nyuso. Kamati nzima iliweka mtihani, halafu ikafumba macho.

Mimi nilipanua vidole nikachungulia. Kosa la ile soksi.

Makuhani wawili wengine walikuwa wametulia, mikono juu, chini ya shali. Moris naye kajifunika, lakini kutoka kule pembeni niliona kidevu chake kinawaka buluu.

Simu. Jamaa anasoma baraka kwenye simu! Siku ya Sabato, ambayo simu haiguswi!

Nikaziba macho haraka. Nikayafumbua. Bado yalikuwa yanaona.

"Amebariki safi kabisa!" Mzee Salvator alitangaza wakati wa kifungua kinywa, mdomo umejaa yai. "Jumatatu apewe funguo. Klara tutamtafutia kitanda kwenye nyumba ya wazee."

Bibi alikuwa anamenya yai lake. Akaliweka chini.

Nilitaka kusema. Lakini nitasemaje nimeona, bila kusema nimetazama?

Nyumbani nikamwambia Bibi, machozi yananitoka.

Akacheka hadi meno ya bandia yakateleza. "Kumbe na wewe mchunguliaji? Umerithi! Mama yangu alichungulia kila sikukuu. Unajua alimwona Davide akifanya nini? Kuhani akibariki, vidole vinne hugawanyika viwili viwili. Vya Davide viligoma. Alikuwa anavifunga kwa uzi wa hariri!"

"Kuhani gani huyo, Bibi?"

"Wa kujipachika. Davide alikuwa kaka wa babu yangu, mtu wa magodoro kama sisi. Alikwenda Vienna na begi moja, akarudi na hariri na ukuhani. Akahamia sinagogi la upande wa pili wa mji, wasikomjua. Mama alimfuata huko sikukuu kwa sikukuu, amchungulie."

Nikaruka kitini. "Basi mrithi ni wewe! Si useme!"

Akaacha kucheka.

"Nimwumbue mtu aliyepanda treni ile? Hata kaburi hana. Walimnyang'anya kila kitu, mjukuu wangu. Ule uongo wake ndio pekee hawakuuchukua. Mwache nao."

"Na chumba?"

"Kitakwenda."

Jumatatu kamati ikakaa na Moris na Bibi, funguo mezani. Mimi nilileta trei ya kahawa, nikaitua kando ya funguo.

"Bwana Moris," nikasema. Wote wakageuka. Wengine hawakuwahi kuisikia sauti yangu. "Tuonyeshe vidole. Vile vya baraka."

"Vidole gani tena, binti?"

Mzee Yakov, kuhani wa miaka themanini na mitano, baridi yabisi imemla viungo, akainua mkono. Pa! Viwili huku, viwili kule. "Hivi. Baba alinifundisha kabla sijajua kufunga viatu."

Moris akainua wake. Vidole vikagandana kama mbuzi kwenye mvua. Akavitenganisha kwa mkono wa pili. Vikarudiana.

"Maskini," Bibi akaninong'oneza. "Angeleta uzi."

"Lakini jina ni langu!" Moris akafoka. "Pasipoti hii hapa!"

"Hata mimi ninalo," Bibi akamjibu. "Kunywa kahawa, mwanangu. Marseille ni mbali."

Mwenyekiti akarudisha funguo mfukoni. Bibi akabaki na chumba chake. Kisha Mzee Salvator akanikazia macho. "Wewe binti, ulijuaje?"

"Soksi," nikasema. "Mtu wa ukoo wa hariri havai soksi iliyotoboka."

Wakacheka hadi kahawa ikamwagika.

Bibi alifariki mwaka jana, ndani ya chumba kile, juu ya godoro alilolishona mwenyewe.

Nilichojifunza ni hiki: ukimtahini mtu, usifumbe macho. Na ukimkuta anajikweza, usikimbilie kumvua nguo. Huenda ni ndugu yako.

Kuhusu soksi, nilidanganya. Hata juu ya kaburi la Bibi, nilipoweka jiwe langu la kumbukumbu, sikuthubutu kulitamka hili mbele ya watu: nilitazama. Sabato ile nilitazama, na Sabato iliyofuata nikatazama tena. Macho yangu mazima, na ndiyo yaliyomwachia bibi yangu chumba chake.