Mnyororo Kwenye Birika la Jirani

Nikisikia mtangazaji akisema kwamba vita vya nchi za mafuta vimeleta wasiwasi sokoni, nazima redio. Wasiwasi gani? Kwetu, nje kidogo ya mji wa Kajiado, vita hivyo vilileta ng'ombe waliosimama juani wakinusa maji ambayo hawakuruhusiwa kuyanywa. Mtangazaji hajawahi kulisoma hilo katika taarifa yake.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu. Alitoka Murang'a akanunua ekari zetu kwa mzee mmoja wa Kimaasai, akaleta mashine ya kuchimba kisima. Upande wetu maji yalikosekana kabisa. Yalipatikana ng'ambo ya mpaka wa shamba, kwenye ukanda mwembamba ambao mzee alikuwa hajauza. Angeweza kutukamua mpaka tukome, lakini alitupatia ule ukanda bure, akataka jambo moja tu: injini ya pampu ikiwaka, mifugo yake inywe kwanza, ndipo maji yaende shambani kwetu. Wakashikana mikono, na hakuna aliyefikiria kuandika chochote.

Mzee alipofariki, mkewe aliendelea na mpango ule ule. Ng'ombe wake walikwisha kuuzoea. Popote walipokuwa malishoni, injini ikianza kunguruma waligeuza vichwa na kuja wenyewe mpaka kwenye birika la saruji la kunywea. Wageni wakitutembelea, Baba aliwasha injini makusudi ili waone.

Kisha huko mbali watu wenye makombora wakaanza kuzibiana njia za meli, na dizeli ikapanda. Mimi, binti yake, nakaa Noonkopir, nashona sare za shule, na kazi ya kumnunulia Baba dizeli ilikuwa yangu. Kituo ninachonunulia pale Kitengela kilifunika pampu kwa magunia, wakatuambia imeisha. Bei mpya ilipotangazwa, kesho yake asubuhi magunia yalikuwa yameondolewa na dizeli ipo tele. Hakuna meli iliyofika Kitengela usiku ule! Ilikuwa chini ya miguu yetu muda wote, wanaingojea ipande. Nilimfokea kijana wa pampu mpaka watu wakageuka kutazama. Nilijua si kosa lake, lakini wenye kituo hawasimami kwenye pampu.

Wakati huo vitunguu vya Baba vilikuwa vinanenepa udongoni, na kitunguu kikikosa maji hapo basi tena. Kiinua mgongo chake chote kilikuwa mle shambani. Dizeli niliyopata haikutosha ng'ombe na vitunguu pamoja. Baba akajenga uzio kuzunguka birika, akaweka geti, akalifunga kwa mnyororo na kufuli. Aliniambia ni kwa muda tu, mpaka hao watu wa mafuta watulie. Nilipombishia, akaniambia niende nikabishane na wanaorusha makombora.

Siku ya kwanza aliyowasha injini geti likiwa limefungwa, nilikuwepo. Ng'ombe walikuja kama kawaida, wengine wakikimbia. Walisongamana kwenye geti, wakasukumana, ndama wakalia. Bomba la shambani linapita karibu nao, na maji yalisikika yakienda. Ng'ombe mmoja mwekundu, mwenye mimba kubwa, alianza kuulamba mnyororo. Jirani yetu, yule mjane wa mzee, alifika akiwafuata, akalitazama kufuli kwa muda mrefu. Hakugombana na mtu. Alipiga mluzi, akawatoa mmoja mmoja kwa fimbo na kuwaelekeza kwenye bwawa la umma, ambalo ni mwendo wa nusu siku. Baba alikuwa ameinama katikati ya vitunguu, anang'oa magugu ambayo hayakuwepo.

Nilishikwa na hasira. Niliwalaani wafalme na majenerali ambao sijui hata majina yao, na waheshimiwa wetu wanaojaziwa magari mafuta kwa kodi yangu. Hata mvua niliilaani kwa kutonyesha.

Vitunguu vilikubali sana, vikubwa na vyekundu. Dalali akapiga simu kusema lori haliji. Kwa bei ile ya dizeli, alisema, safari ya kuja kwetu haimlipi. Tukavirundika bandani, na baada ya muda uvundo ukaanza kutufikia mpaka jikoni.

Ndipo Baba akafungua kufuli, akaung'oa na mnyororo wenyewe, akaniambia twende kwa jirani. Eti wanawake huelewana upesi. Tulimkuta kwenye boma lake, ameketi mbele ya nyumba. Baba akamsalimu kwa Kimaa, "Takwenya," naye akaitika, "Iko," kwa sababu salamu hainyimwi mtu. Akatuambia yule ng'ombe mwekundu alianguka njiani akirudi kutoka bwawani asiinuke tena, na ndama hakutoka. Alilisema bila kupandisha sauti.

Baba akaanza kueleza. Alieleza kama yuko darasani: meli, mapipa, nchi hii imepigana na ile, bei ya dunia, serikali na ushuru wake. Yote yalikuwa kweli, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeyapigia kelele msimu mzima. Mama wa watu alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Mwalimu," akasema, "hao watu wa vita mimi siwajui. Hakuna siku mzee wangu aliwapatia ule ukanda wa kisima. Mwenye alipatia ni wewe."

Baba akaaga. Tulirudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima nilimtafuta mtu wa mbali wa kumkasirikia, nikamkosa.