Kabichi Tatu Zilizoteremka Kadutu

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na sita, na baba alikuwa ameshanichagulia maisha. Alikuwa fundi wa kushona abakosti, yale makoti ya bila tai yaliyovaliwa kwa amri ya serikali, mzuri kuliko wote wa mtaa wetu wa Kadutu, mwenyewe alikuambia hivyo kabla hujamuuliza. Alitaka mwezi wa tisa niingie shule ya ushonaji, kisha nikae naye kwenye mashine ya pili. Mimi nilitaka hesabu na fizikia. Fomu ya shule ya sayansi ilihitaji sahihi yake, naye aliifungia kwenye droo pamoja na vifungo.

"Fizikia inasaidiaka nini?" aliniuliza. "Inaweza kushona hata bouton moya ya shati?"

Jibu nililipata darasani, siku mwalimu alipotueleza kwamba angani kuna mawe makubwa kama milima, yanazunguka jua kama sisi, na kwamba siku moja mojawapo linaweza kuikuta dunia njiani. Darasa zima tukashika vichwa. Kisha akasema dawa ipo. Ukiliona jiwe mapema, miaka mingi kabla, huna haja ya kulivunja. Lisukume kidogo tu likiwa bado mbali, na kidogo hicho kitaongezeka njia nzima mpaka lipite pembeni. Siku ile nilipanda mlima wa nyumbani nikikimbia, mimi ambaye kwa kawaida nilipumzika mara tatu. Nilikuwa na furaha ya kijinga, kana kwamba dunia nimeshaiokoa na kilichobaki ni kupongezwa.

Baba alinisikiliza akiwa na pini midomoni. Alizitoa moja moja ili apate kucheka vizuri.

"Jiwe ikikuya huku, tutafanya salongo," alisema.

Salongo ilikuwa kazi ya lazima ya kila Jumamosi asubuhi. Mtaa mzima ulitoka na majembe kuzibua mitaro, na mkuu wa mtaa alisimama juu ya ukuta akipuliza filimbi. Hatukujua tatizo ambalo watu wengi wenye majembe hawakuweza kulimaliza. Basi Jumamosi iliyofuata, wakati watu wamepumzika, nilichukua kabichi tatu za mama bila kumwomba, nikaweka beseni tupu mlangoni kwetu, nikapanda hadi juu ya njia yetu ya mteremko mkali.

"Beseni ni dunia!" nilipiga kelele, nikiinua kabichi ya kwanza. "Shu ni jiwe ya mbinguni! Muiokoe!"

Mkuu wa mtaa hakuwa mtu wa kutaniwa, lakini nadhani hata yeye mitaro ilikuwa imemchosha. Akapuliza filimbi, akawaita raia kwa Kifaransa cha mikutano.

"Citoyens na citoyennes, mujipange! Hii shu haitapita hapa!"

Wakajipanga mbele ya beseni, bega kwa bega, majembe na beleshi mkononi. Akina mama wakaanza wimbo wa kusifu chama tawala huku viuno vikizunguka, maana enzi zile hakuna kazi iliyoanza bila kuchezewa. Hakuna hata mmoja aliyefikiria kupanda kule nilikokuwa. Wote waliingoja kabichi chini, mahali ambapo ingekuwa imeshapata nguvu.

Nikaiachia. Ikagonga jiwe la kwanza, ikaruka, ikapata kichaa. Mkuu wa mtaa alijitupa kama golikipa, akadaka vumbi. Majembe yakagongana. Kabichi ikapita katikati ya miguu ya mtaa mzima na kutua ndani ya beseni, pwaa! Mama, ambaye alikuwa akitafuta maneno ya kunigombeza, alikaa chini kwa kucheka.

"Dunia imekwisha!" alilia. "Na supu yangu!"

Ya pili niliigusa ubavuni kwa kidole kimoja, ilipokuwa ndiyo kwanza inaanza kubingirika. Haikuonekana kubadilika. Halafu kadiri ilivyoteremka ilizidi kupinda, ikalikosa beseni kwa nafasi ya kupitisha ng'ombe, ikajizika kwenye migomba ya jirani. Makelele yaliyolipuka yalifika sokoni. Mkuu wa mtaa akapanda akihema kudai ya tatu, akaisukuma kwa kidole chake kwa heshima zote za serikali, na tangu siku hiyo aliisimulia hadithi ya kuokoa dunia bila kunitaja.

Baba hakucheka. Alisimama na beleshi lake, akipima kwa macho kutoka kidole changu mpaka beseni.

"Ni sawa na mukasi," alisema polepole. "Ukikosea kidogo ku bega, chini ku mupindo unakosea mukono muzima."

Nilitaka kumrukia shingoni. Alikuwa ameelewa kwa njia ya kazi yake, na kwa kweli alielewa vizuri kuliko mimi.

"Na nani atapanda kule juu kuisukuma?" aliniuliza, akielekeza beleshi angani.

"Mie, papa."

Tulipoingia ndani alifungua droo, akatoa fomu, akaifuta vumbi. Moyo wangu ulicheza kuliko akina mama wote wa salongo. Alishika kalamu, kisha akasita.

"Ile jiwe, kisha kuisukuma, inaendaka wapi?"

"Inapita, papa. Inaenda mbali."

"Inarudiaka?"

Ningeweza kumdanganya, lakini mwalimu alikuwa ametuambia ukweli.

"Zingine zinarudiaka. Zingine hapana."

Aliitazama mashine ya pili, ile ya kwangu.

"Wewe, urudie," alisema, akatia sahihi.