Polisi wa Filamu ya Kijerumani

Hapa Toronto chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji inakula viatu, na kila nikifungua kopo la dawa ya viatu, roho huwa juu juu.

Kule nyumbani, nilipokuwa mdogo, baba alikuwa polisi. Aliposimamishwa kazi kwa wizi asioufanya, aliendelea kung'arisha buti zake kila asubuhi. Jumapili moja mimi naye tukaenda banda la video. Waliweka filamu ya Kijerumani, ya polisi aliyesingiziwa mauaji. Jirani yetu ndiye aliyetutafsiria kwa kipaza sauti, ingawa Kijerumani hakujua hata neno, alijitungia tu. Watu walimgeukia baba wakinong'ona. Polisi wa filamu alipofikishwa mbele ya mkubwa wake, jirani akamtazama baba, akasema, "Afande, mimi sikuiba."

Hakuna aliyecheka. Baba akanishika mkono, kiganja chake kikinuka dawa ya viatu.