Viti Mia Tatu Visivyo na Wageni

Watoto wa mtaa ule walidhani Mama Viti ndilo jina alilopewa siku aliyozaliwa. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na miwili, mwembamba, mwenye hatua za haraka, na kazi yake ilikuwa kukodisha viti vya plastiki kwa watu wenye shughuli: harusi, misiba, mahafali, mikutano ya vikundi.

Biashara hiyo aliianza baada ya kuona aibu iliyowapata wengine. Jirani yake alifiwa, na wanawake wakatumwa nyumba kwa nyumba kuazima pa kukalia. Baada ya maziko vitu vikachanganyika, na majirani wawili wakanuniana mwaka mzima kwa sababu ya stuli ya miguu mitatu. Wakati huo Mama Viti alikuwa mfagiaji wa ofisi. Akajibana, akanunua viti kumi na viwili. Miaka kumi na tisa baadaye alikuwa na viti mia tatu, vyote vyeupe, na ghala la mabati nyuma ya nyumba.

Aliyefanya naye kazi alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mwanamke mnene aliyeshona vitambaa vya kuvalisha viti siku za harusi. Wifi alijaliwa kipaji cha kuyaona mabaya kabla hayajafika. Wingu likitanda, alitangaza mafuriko. Jua likiwaka siku tatu, alitangaza ukame.

"Wifi yangu akifika peponi, cha kwanza atauliza mlango wa dharura uko wapi," Mama Viti alipenda kusema.

"Na mtafurahi kwamba nimeuliza," Wifi alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani.

Kisha ukaja ule mwaka wa maradhi. Tangazo lilisomwa redioni mchana, wote wawili wakiwa uani: mikusanyiko yote imesitishwa hadi itakapotangazwa tena. Ndani ya wiki moja harusi tisa ziliahirishwa. Wafu walisindikizwa na jamaa wachache tu, nao walisimama.

"Basi, tumekwisha," alisema Wifi.

"Kesho tutaosha viti," alisema Mama Viti.

Na wakaosha. Kila asubuhi Mama Viti alitoa viti thelathini, akavisugua kwa brashi na sabuni ya unga, akavianika, kisha akavirudisha ghalani. Siku ya kumi vikawa vimekwisha, na siku ya kumi na moja akaanza upya. Waliopita njiani walichungulia na kutikisa kichwa kwa mshangao. Muuza duka wa jirani alimwambia ana moyo wa chuma. Fundi viatu aliyefunga kibanda chake alikuja kukaa ukutani kila siku, akasema akimwona anasugua, naye anapata nguvu.

Mwanzoni sifa hizo zilimpendeza. Kufikia mwezi wa nne zilikuwa zimegeuka mzigo. Kila aliyekuja alitaka kumkuta akitabasamu, basi alitabasamu, na jioni mashavu yalimuuma kama mtu aliyepuliza matarumbeta. Vibarua wawili waliokuwa wakimpakilia viti alikwisha kuwaachisha kazi, na walipoondoka alishindwa kuwatazama usoni. Hilo hakulisema kwa mtu.

Mwezi wa tano akaja mnunuzi wa plastiki chakavu, na mizani yake ya kuning'iniza begani. Hakuwa tapeli. Alikuwa mtu mpole, na alisema kweli tupu.

"Mama, hivi vinazeeka tu hapa. Nitavichukua vyote kwa kilo. Vitasagwa, vitafanywa mabomba."

"Mabomba ya nini?"

"Ya maji machafu, mara nyingi."

Mama Viti alikitazama kiti alichokuwa akikisugua. "Nipe mpaka Alhamisi," alisema.

Jumatano aliingia ghalani peke yake. Alitaka kuvihesabu vyenye nyufa. Badala yake alijikuta ameketi sakafuni katikati ya safu mbili za viti vilivyopandishwa hadi karibu na dari, analia. Wifi aliyekuwa akitafuta mkasi ndiye aliyemkuta hivyo.

Wifi hakumwambia anyamaze. Alivuta kiti, akaketi. Kisha akasema taratibu, "Sasa ukianza wewe kulia, mimi nitamlalamikia nani?"

Kicheko kilimtoka Mama Viti pamoja na machozi. Akajifuta kamasi kwa kitambaa cha kiti cha bibi harusi.

"Nimechoka kuchangamka, wifi. Kila mtu anakuja kuchota kwangu, na ndani hakuna kitu."

"Basi leo usichangamke. Leo zamu yangu."

Na Wifi, kwa taabu ya mtu aliyevaa viatu vya mwingine, akaanza kutaja mazuri. Bati halivuji. Cherehani inashona. Redio ilisema hadi itakapotangazwa tena, haikusema milele. Alifikiri kidogo. "Nimeishiwa," alisema.

"Umejitahidi," alisema Mama Viti, na akainuka.

Mchana ule walivitoa viti vyote wakavichambua. Ishirini na sita vilikuwa vimevunjika kabisa. Arobaini vilikuwa na nyufa. Mnunuzi alipokuja Alhamisi alipewa vile vilivyovunjika tu, vyote isipokuwa kimoja, ambacho Mama Viti alisema ana kazi nacho. Mnunuzi hakukasirika. Alisema yupo, siku wakibadili mawazo.

Kile kimoja alikikata vipande. Alipasha kisu kikuukuu kwenye jiko la mkaa, akayeyusha kipande juu ya ufa wa kiti kingine ili kiuzibe. Cha kwanza alikitoboa. Cha pili kilishika lakini kikapinda miguu. Kwa cha tano alijifunza kutoboa vitundu pembeni mwa ufa, akaushona kwa waya mwembamba, kisha akapaka plastiki ya moto juu ya mshono. Wifi alipewa kazi ya kupima. Alijishusha polepole, akatingishika kulia na kushoto.

"Kikinibeba mimi," alisema, "kitambeba hata mkuu wa mkoa na hotuba yake."

Fundi viatu, ambaye bado alikuja kukaa ukutani, aliyaona hayo, akaleta beseni la mkewe lililopasuka. Beseni lile lilipozibwa, lilizungumzwa sana mtaani. Baada yake zikaja ndoo, madumu, kikapu cha nguo, sahani ya kunyweshea kuku maji. Haikuwa kazi ya kutajirisha mtu, ila iliwafanya wafungue lango asubuhi wakijua wanachosubiri. Fundi viatu alikuwa na mkono mzuri wa kushona kwa waya, kwa hiyo Mama Viti akamweka kwenye mabeseni, yeye akabaki na viti.

Mikusanyiko iliruhusiwa tena baada ya mwaka na miezi miwili. Haikurudi kwa kishindo. Shughuli ya kwanza ilikuwa harusi ya watu hamsini, na bibi harusi aliuliza kama viti vilivyoshonwa vinaweza kuwekwa nyuma. Viliwekwa nyuma. Kibarua mmoja alirudi kazini. Wa pili alikuwa amepata kazi ya udereva, na Mama Viti alipokutana naye sokoni walizungumza kwa muda mrefu, akamtazama usoni.

Watu bado humuuliza alipata wapi moyo ule. Yeye huwaambia wazi kwamba kuna Jumatano moja haukuwepo, na kwamba siku hiyo alikuwa na bahati, wifi yake alikuwa anatafuta mkasi.

Siku hizi ghala limegawanywa kwa ukuta wa mbao. Upande mmoja viti, upande mwingine meza ya kushonea mabeseni, na kibao nje chenye maandishi ya mkono. Wifi anasema rangi ya kibao itabanduka kabla ya mvua za mwisho wa mwaka.