Msonobari wa Ukoo wa Kuramochi

Wazee wa Omiya, mji wa Japani, husema kumwagilia mti wa chunguni hujifunzwa miaka mitatu. Kumpenda mke, yaonekana, hujifunzwa siku za mapumziko, na Mzee Tokuji Kuramochi hakuwa nazo.

Alikuwa na bonsai: msonobari usiofika kiunoni, wenye umri wa miaka mia mbili. Ufundi wenyewe Wajapani waliupata kwa Wachina, lakini Tokuji aliuzungumzia kana kwamba uliteremshiwa ukoo wake. Tetemeko la ardhi lilipoiangusha Tokyo, babu yake alitoka motoni amekumbatia chungu, kisha akakumbuka kurudi kumchukua bibi. Kwao kisa hicho kilisimuliwa kama sifa.

Tokuji naye akafuata nyayo. Asubuhi maji, kiangazi maji tena mchana, jioni kukagua waya unaopinda matawi. Harusi za watu alituma salamu. Mkewe Fusae alipokata roho hospitalini mwezi wa nane, bwana alikuwa nyumbani ameshika kopo la maji. Maskini msonobari, ungepata kiu.

Sasa mikono ilimtetemeka. Akamwita bintiye wa pekee, Itsuko, kutoka Osaka.

"Mwanangu, utauchukua?"

"Nikikataa?"

"Nitampa jirani, Naganuma." Alilitamka jina hilo kama mtu aliyeuma pilipili.

"Basi nitauchukua. Ila nikifika nautoa chunguni, naupanda ardhini nyuma ya nyumba."

"Una wazimu wewe? Si utakuwa mti kama miti mingine!"

"Ndivyo nitakavyo, Baba. Umeubana huo, ukambana mama, ukanibana na mimi. Angalau mmoja wetu anyooshe miguu."

Tokuji aliugeukia msonobari. Naganuma angeupokea kwa mikono miwili, ungebaki chunguni na kushinda maonyesho. Lakini Naganuma hakuwa mtoto wake. Mzee akachukua koleo, akaanza kukata waya. Itsuko alipotaka kumsaidia, aliusukuma mkono wake.

"Chimba shimo pana," alisema. "Na mwanzoni usiuache ukauke."

"Sawa."

Akakata waya mwingine. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi aliona haya.

"Mama yako siku ile ya mwisho hospitalini," akasema bila kumtazama, "aliniulizia?"

"Alikuulizia."

"Alisemaje?"

"Aliuliza kama umeshaumwagilia."