Dada Alipoanza Kupungua

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka huona haya hadi leo. Ilikuwa Jumapili, nje ya kanisa letu hapa Maguu, nilipomwambia dada yangu wa tumbo moja, "Dada, unatuaibisha. Rudisha mwili."

Bandika hayo maharage, kisha ukae nikusimulie. Nina sababu yangu, utaijua.

Dada Eufrasia alinitangulia kuzaliwa, na tulikua tukigawana kiazi kimoja. Alipoolewa, mumewe akawa mtu wa kahawa. Zilikuwa zile siku wanunuzi binafsi walipoanza kupanda huku mlimani na magari yao, na mwenye akili ya biashara akapata. Shemeji akafungua duka. Mafuta ya kupikia yakaja kwa madumu, soda kwa makreti, na sukari tuliyokuwa tukiipangia foleni ikawa kitu cha kawaida. Dada akaacha kuchimba ngoro. Unazijua mwenyewe: wanaume hufyeka majani na kuyapanga, sisi wanawake ndio tunaochimba yale mashimo na kuyafukia majani, mgongo unawaka moto. Yeye akaweka vibarua, akakaa dukani.

Akanenepa. Lo, alivyosifiwa! "Mwanamke katunzwa huyo!" Mama yetu mwenyewe alimshika mashavu akacheka kwa furaha. Wala usidhani alikuwa mlafi, mwanangu. Mtu aliyelala na njaa utotoni, utamwambiaje aache mafuta kwenye dagaa wake wa usipa? Na mimi, mwembamba kama mpini wa jembe, nilimwonea wivu, nisikufiche.

Kisha magoti yakaanza kumsumbua, kichwa kikawa kinamgonga, na akipanda kilima pumzi zinamwishia. Hospitalini wakamkuta na presha. Muuguzi akamweleza kwa upole: vidonge kila siku, mafuta na sukari apunguze, na mwili aushughulishe. Kesho yake nikamwona Dada anakuja shambani kwangu, jembe begani. "Mdogo wangu, nipe sehemu kando yako."

Tukachimba pamoja msimu mzima. Mwanzoni alikuwa anakaa chini kila baada ya mashimo mawili, mwishoni anapanda kilima huku anaimba. Sijapata kumwona na raha kama ile.

Lakini gauni likaanza kumpwaya. Na siku zile ule ugonjwa ulikuwa umeingia, tunazika kila mara, dawa hakuna, na kukonda kulikuwa hukumu. Shemeji naye alikuwa mtu wa safari, leo Songea, kesho Mbamba Bay. Watu wakaanza: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Jumapili ile wanawake wawili walinyamaza ghafla tulipopita. Ndipo nikasema yale niliyoyasema.

Dada akanitazama. "Hata wewe?"

"Si mimi, Dada. Ni watu."

Keshoye nikampelekea mandazi, mimi mwenyewe kwa mikono yangu, akala machozi yanamlengalenga. Jembe hakulishika tena. Vidonge navyo akaviacha, asije akaonekana kwenye foleni ya hospitali. Mwili ukarudi, na sifa zikarudi. Nami, mjinga wa watu, nikaona nimemwokoa.

Alianguka akianika kahawa. Upande mzima wa kulia ukafa.

Wale waliosema wakaja kumpa pole, kila mmoja na kilo yake ya sukari. Shangazi yetu, mama mkali yule, akaniuliza mbele yao wote: "Hawa watu uliowaogopa, nani kati yao atabaki kumwogesha?" Wakaaga mmoja mmoja, nikabaki mimi. Nilimwogesha dada yangu miaka minane.

Maneno yalikuwa yanamtoka kwa taabu. Asubuhi moja nilimfungulia dirisha, akaziona ngoro zetu kule kilimani. Akaunyoosha ule mkono uliobaki mzima. "Tuli... chimba," akasema, na akacheka. Mimi nililia hadi nikatoka nje.

Sasa sababu yangu. Jana wifi yako alipita hapa akitoka kutembea kama alivyoagizwa kliniki, ukamwambia, "Wifi, mbona umekwisha, kulikoni?" Ulikuwa unatania, najua. Hakucheka, hukuona? Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, mwanangu. Mnene usimcheke, hujui njaa aliyotoka nayo. Anayepungua usimtilie shaka, hujui alichoambiwa na daktari wala usiku wake anaulalaje. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Na wewe mwenyewe ukiambiwa jambo la afya yako, lifuate, watu waache waseme, wakichoka watanyamaza.

Mungu akupe ulimi wa kutia watu moyo, na magoti ya kupanda kilima hiki hadi uzeeke kama mimi. Sasa epua hayo maharage, umfuate wifi yako. Majembe yako mawili pale nyuma ya mlango. Yachukue yote.