Kikombe cha Tabea

Elius Mgaya ni fundi seremala, besi wa kwaya, na mtu wa haya kupita kiasi. Ndiyo maana kipimo cha mbegu za kiume hakukinunua Njombe, ambako muuzaji wa duka la dawa husimama ubavuni pake kila Jumapili, safu ya besi. Alipanda gari hadi Makambako, akakinunua kwa muuzaji asiyemjua, Davis, akidai ametumwa na rafiki.

Ndoa ilikuwa na miaka sita, mtoto hakuna. Kanisani wenzake Tabea waliitwa mama fulani na mama fulani. Yeye aliendelea kuwa Tabea. Kila mwezi mama mkwe alikuja kutoka Lupembe na chupa ya maji ya mizizi, dawa chungu ya kukunja uso, na Tabea aliinywa mbele yake hadi tone la mwisho. Hospitali alikwenda mara tatu. Mara zote walimwambia hana tatizo, amlete mume. Mume alikuwa na kazi nyingi. Milango ya watu haijitengenezi, bwana!

Elius alipimia kwenye ghala la mbegu za viazi, maana ndiko kulikokuwa na komeo. Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa saba, pumzi ikimtoka kama moshi. Maelezo yalisema kikombe kikae nusu saa kwenye joto la chumba. Akakiweka juu ya gunia. Mistari miwili, mbegu zinatosha; mstari mmoja, hazitoshi. Ukatoka mmoja.

Akampigia simu Davis, kwa namba aliyomwandikia kwenye boksi.

"Kaka, ulipimia wapi?"

"Ghalani."

"Njombe, Julai, ghalani!" Davis alicheka. "Baridi inaharibu kipimo. Kwenye boksi kuna kipimo cha pili. Subiri siku nne, upime penye joto. Ukipata mmoja tena, nenda hospitali wakuangalie vizuri. Mficha uchi hazai, kaka."

"Ni rafiki yangu."

"Haya, mwambie basi."

Siku hizo nne Elius aliipenda baridi ya Njombe kuliko wakati wowote. Siku ya tano, Tabea akiwa kwenye kikao cha akina mama, aliwasha jiko la mkaa chumbani, akafungua dirisha, akapima. Mmoja. Alingoja uchungu uje, haukuja. Moyo wote ulikuwa umekufa ganzi. Akazoa majivu, akarudi kupiga randa mlango wa mtu.

Jumamosi mama yake alifika na chupa. Tabea akaleta kikombe mwenyewe, bila kuambiwa.

"Kunywa, mwanangu," mama alisema akimimina. "Mwezi huu ukipita hivihivi, ukoo utakaa. Watamtafutia mwingine."

Tabea alipokea kikombe. Elius alimtazama, na hata hapo hakusikia kitu. Ni mkono wake tu ulionyooka, ukakichukua.

"Baba, hiyo ni ya mkeo," mama alisema.

"Nimejipima, mama. Mara mbili. Wa kunywa ni mimi."

Mama aliketi, chupa mkononi. Elius akapiga funda. Dawa ilikuwa chungu kuliko alivyodhani. Koo likakataa, akashusha kikombe mezani kikiwa nusu.

Tabea alikisukuma kikamrudia.

"Imalize," alisema.